Kikohozi Kabla ya Neno la Kwanza

Mashine ilikohoa kabla ya kusema "maji."

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo, na binti wa nyumba hiyo akadhani ni spika. Spika za bei rahisi zina mambo. Kazini walimwita Chapuchapu, kwa kuwa humaliza kazi wenzake wakiwa bado wanavuta viti. Akamnywesha mama yake, akamfuta kidevu, akarudi jikoni.

Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ulimi haukurudi. Chapuchapu akaandika programu kwa ajili ya kidole hicho: kwenye kioo kuna picha, na mama akigusa glasi, kompyuta inasema "maji." Akigusa sahani, "chakula." Akigusa mlango, "toka." Huo mlango mama mwenyewe aliuomba kwa ishara, maana wageni wa kumjulia hali walikuwa hawajui kuaga, na wa kwanza kufukuzwa alikuwa shangazi, tena katikati ya umbea. Siku hiyo binti alicheka mpaka akakaa chini, na mama akacheka kwa macho. Baada ya miezi ya ukimya Chapuchapu alikuwa amempata mama yake tena, na furaha ile hakutaka hata kuisema kwa sauti, asije akaitia kijicho.

Kisha ikaja harufu. Nywele zilizoungua na udongo mbichi. Ilikuja kila alipoiwasha programu, kabla picha hazijatokea, na ikabaki kwenye mapazia.

Mchana mmoja, jua likiwaka dirishani, mama aligusa mlango.

"Karibu," ikasema mashine.

Chapuchapu aligeuka. Neno hilo hakuliandika popote. Mama akagusa tena, safari hii kwa nguvu.

"Karibu. Karibu ndani."

"Mama," alinong'ona, "unamwambia nani atoke?"

Mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

Akaipitia programu mstari kwa mstari, akairudia, akaifuta na kuiandika upya, na kila alipoiwasha kikohozi kilitangulia, na harufu, na sauti ikaanza kusema hata pale ambapo mama hakugusa kitu, ikimwita Chapuchapu kwa jina la utotoni ambalo mama peke yake alilijua, ikicheka chini chini chumba kikiwa kitupu. Na akiizima mama alilia machozi bila sauti kama mtu aliyerudishwa kaburini angali hai, na akiiwasha mama alifumba macho kwa hofu, hata binti hakujua tena lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kosa dogo zaidi kwa mzazi wake.

Shangazi, aliyekwisha kusamehe kufukuzwa, ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mnene mwenye mkoba wa kawaida. Alinusa hewa, akaketi.

"Huyu hakupita dirishani," alisema kwa sauti ya chini. "Anaitwa. Tena anaitwa kabla ya mwenye nyumba. Hebu nionyeshe unavyoiamsha hiyo."

Chapuchapu akamwonyesha amri anayoiandika:

node --require ./mgeni.js sauti.js

"Sauti ndiyo programu yangu," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaisoma amri yote.

Amri hiyo ilitoka kazini. Fundi wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, aliiacha hivyo, na ofisi nzima ilikuwa ikiinakili bila kuisoma. Kinachofanya kazi usikichokonoe, walisema. Yeye naye aliibeba pamoja na folda yake, akabadilisha jina la mwisho tu. Haraka haraka haina baraka, mama alimwambia hivyo maisha yake yote.

"Hilo neno la katikati linafanya nini?" akauliza mganga.

"Linaiagiza mashine ipakie hilo faili la mgeni kwanza, kabla ya programu yenyewe." Akalionyesha kwa kidole. "Na anayepakiwa kwanza anaweza kugeuza kila kinachofuata. Programu haitajua. Ndiyo maana sikuona kitu ndani yake. Hakuwa ndani. Alikuwa ametangulia."

Akalifungua faili. Lilikuwa tupu, halina hata herufi.

"Huyo mgeni, huko kazini alifanya nini?" akauliza mganga.

"Hakuna. Programu ya kule inapima uzito wa malori. Haina sauti."

"Basi hakuwa na mdomo," mganga alisema. "Umempa wewe. Mfute kwa mkono wako. Lakini usifungue kinywa mpaka programu iwake bila yeye, hata ukisikia nini. Atakuwa anatafuta pa kukimbilia."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa. Akaanza kufuta. Taa ikafifia, harufu ikapanda mpaka shangazi akajifunika uso kwa khanga, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ambayo haikuwa ya mashine kabisa, sauti ya mama ya zamani, ile ya kabla ya kiharusi, nzima, yenye kicheko kidogo pembeni, ile aliyoililia na kuiomba irudi japo kwa salamu moja:

"Mwanangu, usinizime."

"Mama!" akapiga kelele.

Mganga akashika kichwa.

Faili lilikuwa limefutika. Chapuchapu aliandika amri upya, fupi, bila mgeni. Programu ikawaka. Hapakuwa na kikohozi wala harufu. Mama akainua kidole, akagusa glasi.

"Maji," ikasema mashine, safi kabisa.

Shangazi akaangua kilio cha furaha. Chapuchapu akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono, akafungua mdomo amwambie mama yamekwisha.

Akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo.

Macho ya mama yakapanuka. Kidole kikachomoka mkononi mwake, kikaenda kwenye mlango.

"Toka," ikasema mashine. "Toka. Toka."

Chapuchapu alitaka kusema, ni mimi, mama. Alilisukuma neno kwa nguvu zake zote, huku machozi yakimtiririka, akasikia mdomo wake ukijibu kwa upole:

"Karibu ndani."