Viatu vya Bwana Kwato

"Bwana karani! Mbuzi nakula kazi yako!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Akullo aliyomwambia Obbo. Ilikuwa Jumamosi moja ya Machi, mwaka 1954, katika kituo cha reli cha Tororo. Treni ya Kampala ilikuwa imechelewa saa nzima na watu walijaa mpaka hapakuwa na pa kutia mguu. Wanawake wa Mulanda walikalia magunia ya karanga, Makalasinga wawili walibishania sanduku la vipuri, na mbuzi mmoja aliyekata kamba alikuwa ameingiza kichwa kwenye dirisha la vifurushi, anatafuna karatasi bila haraka yoyote.

Obbo aligeuka, akapiga yowe, akaruka meza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, Mjopadhola wa Nagongera, shati jeupe, tai nyembamba, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Alimnyang'anya mbuzi nusu ya karatasi. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kwenda tumboni.

Msichana aliyempigia kelele alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. Alivaa gauni la maua ya njano lililobana kiuno, viatu vya turubai vilivyopakwa chaki, na utepe wa kupimia nguo ulining'inia shingoni mwake. Obbo alimwona, na hasira ikamtoka.

"Pole, bwana karani. Ilikuwa barua ya mchumba?"

"Hapana. Karatasi za ofisi tu."

"Karatasi ya ofisi natoa mtu machozi hivyo?"

"Ni vumbi."

"Haya, vumbi. Mimi nafuata sanduku ya uzi ya duka la Jetha, Busia. Kama mbuzi hajakula na hiyo."

Obbo alikuwa amemdanganya. Zile karatasi zilikuwa sura ya nne ya hadithi aliyokuwa akiiandikia *Tarumbeta*, gazeti la kila juma lililochapishwa Nairobi. Alitia sahihi ya "Mwana wa Mwamba", kwa sababu ya lile jiwe kubwa la Tororo lililoonekana kutoka dirishani pake, na hakumwambia mtu yeyote. Aliona haya. Makarani wenzake wangemcheka. Basi alijiwekea siri yake, akangoja siku atakayokuwa mtu mkubwa ndipo aseme. Angesema kweli siku ile ya mbuzi, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Mapenzi yalianza kwa simu. Dukani kwa Jetha palikuwa na simu ya ukutani, na kila Jumatano saa saba mchana Jetha alikwenda kula, akamwachia Akullo duka pamoja na cherehani yake barazani. Obbo naye alibaki peke yake ofisini.

"Halo, Busia. Umekula?"

"Bado. Nangoja wewe kwanza, halafu mihogo."

"Kwa hiyo mimi nimeishinda mihogo?"

"Kidogo tu. Usijivune. Tai yako ni ile ya bluu?"

"Umejuaje?"

"Sauti yako imebanwa. Legeza, mpenzi."

Jumapili Obbo alipanda baiskeli mpaka Busia, wakatembea pamoja hadi kwenye kizuizi cha mpaka na kurudi, yeye akisukuma baiskeli, Akullo akimchokoza njia nzima. Na Akullo alikuwa na hadithi. Zote zilikuwa za baba yake, Mzee Ikiring, Mwiteso, askari wa mifugo aliyesimama mpakani kukagua ng'ombe wanaovuka kwenda Kenya. Mama yake alifariki zamani, baba ndiye aliyemlea, na alimpenda mpaka akimtaja sauti yake inashuka.

"Papa nakagua ng'ombe, kofia yake naweka juu ya goti. Anaimba wimbo wa kanisa puani, ng'ombe asiogope. Akikuta mgonjwa analia, lakini anasema ni jua." Halafu alitazama huku na huku. "Na hii usiambie mtu. Kila asubuhi anapaka viatu ganda la ndizi. Cha kushoto anaita Daudi, cha kulia Yonathani. Anaongea nao! 'Daudi, leo usinichubue.' Anafikiri nimelala, kumbe nasikia yote."

Obbo alicheka mpaka baiskeli ikaanguka. "Siwezi kumwambia mtu," alisema, na wakati huo ilikuwa kweli.

Mwezi wa Mei mhariri wa *Tarumbeta* alimwandikia barua. "Shujaa wako Malaki anapendwa," alisema, "ingawa sijui kwa nini haogopi kitu. Lakini adui yake, Bwana Kwato, ni mbaya tu, basi. Mtu hachukii picha iliyochorwa ukutani kwa mkaa. Mpe mwili. Mpe kazi, mpe tabia, msomaji amjue kama anavyomjua jirani yake. Usipoweza, tutaikatiza hadithi."

Malaki hakumsumbua. Malaki alikuwa Obbo mwenyewe, aliyeongezewa urefu, gitaa na viatu vyeupe. Lakini Kwato! Obbo alikaa siku tatu akitafuna kalamu. Siku ya nne mkono wake ulianza kwenda wenyewe. Bwana Kwato alipata kazi ya uaskari wa mifugo mpakani. Akaweka kofia gotini. Akaimba wimbo wa kanisa puani, na huku anaimba alirudisha ng'ombe wazima wa maskini akisema ni wagonjwa, na kuwapitisha wagonjwa wa matajiri waliomletea kondoo kwa mlango wa nyuma. Na asubuhi, kabla ya kwenda kwenye uovu wake, alipaka viatu ganda la ndizi, akavisemesha: "Daudi, leo usinichubue."

Obbo alijua alichokuwa anafanya. Nisimtetee. Alisita kwenye neno Daudi, kalamu ikiwa juu ya karatasi, akajiambia kwamba gazeti la Nairobi halifiki Busia, na likifika, Waiteso wale wazee hawasomi Kiswahili. Kisha akaandika.

Bwana Kwato akawa hai. Kinyozi wa Tororo alisoma sura ile kwa sauti na wateja wakapiga meza kwa chuki. Obbo, kidevu kimejaa povu, aliwasikia wakimtukana mtu aliyemuumba yeye, akaona raha kubwa ambayo hakuwahi kuiona.

Jambo ambalo karani wa mjini hakulijua ni hili. Kule Busia, kila Jumapili alasiri, wanaume walikaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayonywewa moto, nyumbani kwa Oriokot, fundi baiskeli. Kila mtu alikuwa na kiti chake na mrija wake mrefu uliofika chunguni, na kutolewa mrija kulikuwa kufukuzwa. Na Oriokot, aliyesoma mpaka darasa la sita, alipata *Tarumbeta* kwa madereva wa malori. Aliisoma, akaitafsiri kwa Kiteso neno kwa neno, na wazee wakanyonya mirija huku wanasikiliza.

Jumatano moja ya Juni, saa saba, simu ya kituoni ililia yenyewe. Akullo hakuwahi kupiga yeye.

"Halo, mpenzi! Leo mihogo imeshindwa kabisa?"

"Mwana wa Mwamba ni nani?"

Obbo alilegeza tai. "Nani?"

"Usinichezee. Jumapili Oriokot nasoma gazeti. Kofia, wimbo, watu wote wanamtazama Papa. Papa mwenyewe nacheka, anasema, 'Huyu mtu kama mimi.' Halafu inakuja kondoo. Halafu ng'ombe mzima wa maskini." Akavuta pumzi. "Miaka miwili nyuma, Papa alirudisha dume la Oriokot. Lilikuwa la mahari ya kijana wake, harusi ikafa. Oriokot aliweka gazeti chini, akatoa mrija wa Papa ndani ya chungu. Akauweka tu chini, kwa vumbi."

"Akullo, hadithi ni hadithi. Ni mambo ya kubuni..."

"Ya kubuni ni ipi? Kofia kweli. Wimbo kweli. Viatu kweli. Basi watu wanasema kondoo pia kweli! Wewe ulichukua kweli yangu ukafungia uongo yako ndani." Sasa alikuwa analia. "Daudi na Yonathani niliambia mtu mmoja tu duniani."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Watoto wanamwita Bwana Kwato barabarani. Na viatu hapaki tena. Usipige hapa."

Simu ikakatika. Obbo alibaki ameshika mkono wa simu. Mtu alikuwa dirishani anauliza habari za gunia lake, naye alisikia uso unamwaka moto kuanzia masikioni. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kumtazama yule mtu wa gunia.

Kwa majuma matatu hakuthubutu kwenda Busia. Malaki asiyeogopa kitu aliendelea kuwapiga wezi gazetini, na mwenye kumwandika aliogopa safari ya baiskeli ya saa chache. Kila aliposikia neno "Kwato" kwa kinyozi alitoka bila kunyolewa. Mwishowe akaona njia, au alidhani ameiona. Aliandika sura mpya usiku na mchana, na Jumapili moja ya Julai akaitia mfukoni, akapanda baiskeli.

Alimkuta Mzee Ikiring ameketi mbele ya nyumba yake. Alikuwa mtu mwembamba, nywele nyeupe, kaptula ya kazi imenyooshwa vizuri. Viatu vyake vilikuwa vimekauka, vimepasuka kwenye vidole, na vumbi jekundu limejaa hadi kwenye kamba. Akullo alisimama mlangoni, gauni la kijivu, hakusalimu.

"Yoga, Mzee," Obbo alisalimu kwa Kiteso, akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Mtoto ameniambia. Inuka, unachafua suruali."

"Nimeandika sura nyingine, Mzee. Nakuomba nikusomee."

Akasoma. Katika sura ile iligunduliwa kwamba Bwana Kwato hakula kondoo hata mmoja. Alikuwa mtakatifu wa siri. Aliwalisha mayatima, akamwokoa Malaki kwenye mafuriko, na wazee wote wakamlilia wakiomba radhi.

Ikiring alisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaiweka gotini, halafu akakumbuka, akaiondoa haraka kana kwamba imemchoma. Obbo aliliona hilo. Hakuna tusi ambalo lingemwingia kama mkono ule.

"Jana mwizi, leo malaika," mzee alisema polepole. "Mimi ni nani hapo? Oriokot akisoma hii atasema, Kwato amenunua mwandishi. Mimi ni mtu, kijana. Dume lake lilikuwa na homa. Nilimrudishia, na nililia, na harusi ilikufa kweli. Hayo yote ni yangu. Wewe umenipa kondoo tu. Nenda ukachukue kondoo wako."

"Kwa gazeti, Mzee?"

"Hapana. Hapo." Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya Oriokot, ambako sauti za wanaume zilisikika.

Walikwenda watatu, Obbo mbele, Akullo na baba yake nyuma. Njiani alisikia mzee akimwambia binti yake jambo kwa Kiteso, kwa sauti ya chini, na Akullo akacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya majuma mengi. Obbo hakuelewa hata neno moja.

Chungu kilikuwa katikati, wazee kumi na mmoja wamekizunguka, na kiti kimoja kitupu. Obbo alisimama penye kiti hicho.

"Wazee wangu, mimi naitwa Obbo, karani wa Tororo. Mwana wa Mwamba ni mimi. Kofia, wimbo na viatu niliviiba kwa msichana aliyeniamini, nikamvalisha mwizi niliyembuni, ili ninyi mumwamini yule mwizi. Kondoo nilimtunga kwa kalamu hii. Hakuwahi kuwako. Mzee huyu hakula rushwa, na mimi nilijua, na nilikaa majuma matatu kimya."

Oriokot alipokwisha kuwatafsiria wazee, Obbo akaichana ile sura mpya, vipande vikaanguka miguuni pake. Mzee mmoja alitema mate pembeni.

"Na yule Malaki?" Oriokot aliuliza. "Shujaa. Yeye alikuwa wapi wakati jirani yangu anaitwa mwizi?"

"Alikuwa amejificha Tororo."

Hakuna aliyecheka. Oriokot alitazama ndani ya chungu, maana aibu sasa ilikuwa imegawanyika na yake haikuwa ndogo. Kisha akanyanyuka, akachukua mrija uliokuwa umeegeshwa ukutani, akaufuta ncha kwa shati lake mwenyewe, akaupeleka kwa Ikiring kwa mikono miwili.

"Kaa," alimwambia. "Pombe inapoa."

Ikiring akakaa. Obbo hakupewa mrija, wala hakuambiwa aende. Alisimama mpaka akaona mwenyewe kwamba shughuli yake pale imekwisha.

Akullo alimsindikiza mpaka barabara ya Tororo. Jua lilikuwa bado liko juu, na walitembea bila kugusana, baiskeli katikati yao.

"Sitaandika tena," Obbo alisema.

"Andika. Lakini watu wako tengeneza mwenyewe, kama mimi natengeneza gauni. Sikati nguo ya jirani."

"Akullo. Sina haki ya kuuliza, lakini nitauliza. Utanioa? Yaani, nitakuoa? Unaona, hata kusema siwezi."

Alicheka, akajizuia, akacheka tena. "Lete wazee wako mwezi wa Januari. Papa akikubali, mimi nitakubali."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nakupenda, Obbo. Hiyo ndiyo inaniuma."

Akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya leso, na Obbo, kwa furaha, akajisahau. "Mzee alikuambia nini kule njiani? Ulicheka."

Akullo alifungua kinywa. Macho yake yakapanda hadi kwenye kalamu ya risasi iliyokuwa nyuma ya sikio la Obbo. Akafunga kinywa. Obbo aliichomoa haraka, akaitupa majanini, lakini alikuwa amechelewa.

"Neno zuri tu," Akullo alisema. "Nenda, mvua isikukute."

Walioana Januari, na Mzee Ikiring alikuja Tororo na viatu vinavyong'aa mpaka watu waligeuka kuvitazama. Akullo alikuwa mke mwema na mchangamfu. Alimchokoza mumewe mezani, alimpigia simu ofisini kumuuliza kama amekula, alimwita mpenzi mbele za watu. Lakini hadithi za baba yake hakumsimulia tena hata moja, na Obbo, kila mzee alipokuja kuwatembelea na kuvua kofia, aliinuka akaenda nje kutafuta kuni.