Harufu ya Alizeti

Yadi ya vyuma chakavu ya Nasri, nyuma ya soko la Singida mjini, si mahali ambapo msichana angetazamia kupata mchumba. Nyundo zilikuwa zinalia kila upande, vumbi la kutu linaingia mpaka kwenye meno. Yunisi alikuwa amepeleka pipa bovu kutoka kwenye kinu cha kukamua alizeti cha Utemini, alikofanya kazi. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye madoa ya mafuta, na kilemba cha njano. Alikuwa anageuza guta lake, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, aondoke aliposikia mwanaume akibembeleza.

"Kaka Nasri, nakuomba usiikate. Hiyo siyo chakavu. Ni mashine ya kuranda mbao."

"Fundi, mashine ya kuranda huranda. Hii inataga mayai."

Kweli, kuku alikuwa ameatamia juu yake. Ilikuwa mashine ya zamani, chuma kizito cha kusubu, imetoka kwenye karakana ya misheni iliyofungwa kule Mkalama. Mwanaume mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, na mkono wa kulia ameushika kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mwishowe alimwachia Nasri baiskeli yake, akapewa mashine. Kisha akamgeukia Yunisi.

"Dada, guta hilo linafika Mwankoko?"

"Linafika hata Manyoni. Ila dereva ni mimi, na abiria nachagua mwenyewe."

"Abiria wangu ni chuma, hana maneno."

"Na wewe?"

"Mimi nitasukuma nyuma, kwa mkono mmoja."

"Basi utakuwa na nusu ya maneno. Pakieni!"

Njia nzima walicheka. Penye mchanga mzito, Yunisi aliona kwamba yule mwanaume alishika upande wenye mchanga ili pagumu apite yeye mwenyewe, si Yunisi. Jambo hilo aliliweka moyoni.

Jina lake lilikuwa Gabrieli. Alikuwa seremala mpaka mwaka uliotangulia, lori la magogo lilipopinduka naye na mkono wa kulia ukaacha kunyanyuka kupita kifua. Randa ya mkono inataka mikono miwili na mgongo. Tangu siku ile meza zake zilikuwa zinaishia kwenye maneno tu. Mashine ile ndiyo ilikuwa mkono wake uliobaki.

Ikawa kila jioni Yunisi akitoka kinuni anapita Mwankoko kwa Gabrieli. Walikwangua kutu kwa msasa na mafuta ya taa uani, chini ya bati. Asubuhi simu ilikuwa inaita kabla hajavaa viatu.

"Mama Kutu, umeamkaje?"

"Baba Kutu, nimeamka na kucha nyeusi. Shangazi ananiuliza kama nachimba makaa."

"Mwambie unachimba mume."

"He! Nani kasema?"

Hapo Gabrieli akasema polepole, "Nasema mimi. Lakini nisikilize, kipenzi. Sitakuja kwenu kuomba mke kwa mkono mmoja. Siku mashine hii itakapotoa ubao laini, siku hiyohiyo namtuma mshenga."

Kuanzia siku ile Yunisi aliitazama mashine kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba atakayohamia.

Siku moja Gabrieli alipeleka mota ya mashine Ikungi, kwa fundi anayesuka upya mota zilizoungua. Yunisi akabaki anafuta vumbi. Juu ya shafti, chuma kinachozungusha visu, kila mwisho, palikuwa na kikombe kidogo cha shaba cha kuwekea mafuta. Vyote vilikuwa vikavu. Moyo ukamwuma. Kinuni kwao bawaba ikilia unaidondoshea alizeti, mnyororo wa guta ukikwama unaupaka alizeti. Alikwenda akachukua mafuta mazuri kuliko yote, akayachuja kwa kitambaa mara mbili, akavijaza vile vikombe mpaka juu. Hakumwambia Gabrieli. Mama yake alimfundisha kwamba wema hautangazwi.

Mota ilichelewa. Mvua zikaisha, jua la Singida likakausha kila kitu, mashine ikasimama ikisubiri. Mota ilipofika, Gabrieli aliwaita majirani, na Shangazi Ritha akaja kutoka Utemini na khanga yake mpya.

Mashine iliwaka. Ilivuma kama nyuki, na Gabrieli akautazama ubao wa mninga alioandaa kwa ajili ya siku hiyo. Kabla hajausogeza, mvumo ukageuka mlio. Moshi mweupe ukatoka kwenye shafti, na harufu ikajaa uani.

"Mbona kama mtu anakaanga maandazi?" Shangazi Ritha aliuliza.

Yunisi aliijua harufu ile. Alifanya kazi ndani yake kila siku ya Mungu. Shafti ikakwama kwa kishindo, mota ikanguruma bure, Gabrieli akazima umeme. Yunisi hakusubiri kuona uso wake. Alitoka uani akakimbia.

Simu iliita siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Angemwambia nini? Kwamba yeye ndiye aliyemkata mkono wa pili? Alilala bila kula, akaamka bila kula, chakula kikawa mchanga mdomoni. Mara moja tu alipokea, kwa sababu kidole kilimtangulia.

"Yunisi." Sauti ya Gabrieli ilikuwa imechoka. "Nijibu neno moja tu. Ni huu mkono?"

Yunisi alifungua mdomo. Kikatoka kilio tu.

"Nimeelewa," Gabrieli alisema, na simu ikakatika.

Yunisi alimpigia. Haikupokelewa. Akalia mpaka Shangazi akamfunika khanga begani na kumwekea uji pembeni, bila kumwuliza kitu.

"Maskini yule kijana," Shangazi alisema siku nyingine, akipepeta mtama. "Amewaambia watu kosa ni lake, alikaza nati kupita kiasi. Mafundi wengine wanamcheka."

Yunisi aliona dunia inazidi kuwa ndogo. Aliharibu mashine, na sasa mwenzake anachekwa kwa kosa lisilo lake. Heshima ya fundi ndiyo ilikuwa imebaki kwa Gabrieli, na hiyo nayo inaondoka.

Nasri ndiye aliyempigia.

"Dada Yunisi, habari za huko. Fundi wako ananiita nikachukue chuma chake. Anahamia Issuna kwa mjomba wake kuchunga ng'ombe. Nimemwambia gari langu lina pancha."

"Lina pancha kweli?"

"Halina. Lakini siwezi kudanganya wiki nzima, mimi ni mtu wa swala. Fanya haraka."

Yunisi hakubadili hata gauni. Alimkuta Gabrieli amekaa uani, begi limefungwa, mashine imefunguliwa mbele yake, vyuma vimepangwa juu ya gunia.

"Ni mimi," alisema kabla ya kusalimia. "Ni mimi niliyetia alizeti kwenye vikombe. Usiwaambie watu ni wewe. Nitakwenda kwa kila fundi nimwambie."

Gabrieli hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua?"

"Nilifungua siku ileile. Alizeti ikikaa inaganda kama gundi, inaziba tundu la mafuta, shafti inazunguka kavu. Nani mwingine Singida hii angechuja mafuta yakawa safi vile?" Alitaka kucheka, akashindwa. "Nilidhani umekimbia mkono wangu, mama. Nikasema, basi, aende. Lakini asiende na jina baya."

"Wakakucheka!"

"Mimi nimeshazoea kutazamwa mkono. Wewe hujazoea kutazamwa."

Yunisi alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti, na Gabrieli akaja akakaa karibu yake, bega kwa bega, mpaka kilio kikapungua.

"Mashine haiponi?" Yunisi aliuliza.

"Beringi zake si za gololi. Ni pete za risasi, chuma laini, zinazokumbatia shafti. Zimeungua. Mtu huyeyusha risasi na kumimina upya. Nilifundishwa misheni. Lakini humiminwa mara moja, kwa mkono usiotetemeka, bila kusita katikati. Ukisita, inafanya mshono, inapasuka. Na risasi iliyobaki inatosha mara moja tu. Sina huo mkono, Yunisi. Ndiyo maana nimefunga begi."

Yunisi aliitazama mikono yake, iliyokuwa inamimina mafuta kwenye chupa kutoka asubuhi hadi jioni.

"Washa mkaa," alisema.

"Ni moto, mpenzi. Tone moja la maji na risasi inaruka usoni."

"Washa mkaa, Gabrieli."

Walifanya kazi karibu bila maneno. Gabrieli aliifukizia shafti moshi wa kibatari mpaka ikawa nyeusi, ili risasi isiishike. Waliziba kingo kwa udongo wa kichuguu, wakaukausha kwa moto kwa subira. Risasi iliyeyuka ikang'aa kama maziwa ya mbalamwezi. Gabrieli alichovya kijiti, kikatoka kahawia, dalili kwamba joto limetosha.

"Sasa. Usipumue juu yake. Usiniangalie mimi."

Yunisi alinyanyua kijiko cha chuma. Kilikuwa kizito, joto linamchoma kope. Alimimina kamba moja nyembamba, isiyokatika, na kwa muda wote ule hakusikia kitu ila Gabrieli akisema chini chini, "Hivyohivyo, hivyohivyo, hivyohivyo." Beringi ya kwanza ikajaa. Kisha ya pili. Risasi ikaisha kijikoni.

Wakabaki wanatazama vyuma vinavyopoa. Ndani huenda palikuwa pazuri. Huenda palikuwa na mshono. Hakuna aliyejua, na risasi nyingine haikuwepo.

Yunisi alinyoosha mkono kuchukua spana. Gabrieli akaushika.

"Ngoja. Usifungue."

"Imepoa."

"Imepoa, ndiyo. Lakini nataka kukuomba kabla hatujaona. Niliapa upumbavu. Nikifungua ikawa nzima, utasema nimekuoa kwa sababu ya mashine. Ikiwa mbovu, mimi mwenyewe nitaogopa nikimbilie Issuna. Yunisi, nimtume mshenga?"

Machozi na masizi vilikuwa vimechanganyika mashavuni mwa Yunisi. Alimtazama yule mwanaume, mkono wake wa kulia umelala magotini, wa kushoto umemshika yeye kwa nguvu kama anayeogopa kuzama.

"Mtume," alisema. "Shangazi Ritha hapendi watu wanaochelewa. Na begi lile lifungue kwanza."

Gabrieli akasimama, akaliendea begi.

Spana ilikuwa bado iko chini.