Upana wa Msumeno

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalimkuta dada yangu Borghild, na siku yanaanza nilikuwa hapa hapa mjini Drøbak, jikoni kwake, namenya viazi.

Mumewe, Eilert, alikuwa fundi wa picha za kuchonga kwenye mbao. Kwenye ubao wa msonobari alikuwa amemchonga mkewe na binti yao Signe, wa miaka mitatu, wameshikana mikono ufukoni. Picha nzuri, sikatai. Ila alitaka mama awe wa buluu na mtoto awe mwekundu. Kwa hiyo ubao ukatwe vipande, kila kipande kipakwe rangi yake, kisha virudishwe pamoja na kupigwa chapa kwenye karatasi mara moja. Akachukua msumeno mwembamba.

"Shemeji, usipitishe hapo kwenye mikono," nikamwambia. "Unamtenga mtoto na mama yake."

Akacheka. "Aslaug, huu ni ubao. Menya viazi vyako."

Akapitisha hapo hapo, makusudi, huku ananiangalia.

Signe akaingia analia, amejikwaa. Borghild akanyoosha mikono ambebe. Mikono ikakwama hewani. Akajaribu tena. Mtoto huyu hapa, mama huyu hapa, na katikati pamebaki nafasi nyembamba kama upana wa ule msumeno, haipitiki. Mimi nilimbeba bila taabu yoyote.

"Mama hanitaki," akaninong'oneza shingoni. Jamani, nililia.

Tukamsihi Eilert aunge vipande kwa gundi, au avitupe asivitumie tena.

"Nivitupe? Picha zinatoka kama njugu mjini Kristiania!" akasema. "Kwani mtoto anakosa nini? Si shangazi mtu yupo, ana mikono miwili."

Hata kuniita mama mdogo hakujali. Akaendelea kupiga chapa. Kila alipopiga, kingo za mbao zililika, na kwenye karatasi mstari mweupe ulioachwa na msumeno kati ya mikono ukapanuka. Nyumbani nako ukapanuka. Ukawa kidole. Ukawa kiganja. Dada yangu akawa anamlisha mwanawe uji kwa upawa wa mpini mrefu.

Asubuhi moja, Pasaka imekaribia, natoka dukani na kahawa yangu, nikamwona Signe gatini anafukuza bata. Mbao za gati zilikuwa na barafu. Borghild alikuwa nyuma yake.

Mtoto akateleza. Akaning'inia ukingoni kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaunyoosha juu.

"Mama, nishike."

"Nakushika, mwanangu. Nakushika."

Hakumshika. Nilikimbia. Sikuwahi.

Wanaume wakamwopoa majini kwa kulabu. Eilert akaja na aproni yake ya kazi, akamtazama mtoto, akamgeukia mkewe.

"Ungenyoosha mkono vizuri," akasema.

Borghild alipiga magoti, akaushika mkono wa Signe. Ukashikika. Sasa ndipo ukashikika! Akaung'ang'ania mpaka jioni, ikabidi tumfumbue vidole kimoja kimoja.

Kiganjani mwa Borghild palikuwa na chapa ya vidole vidogo, nyekundu, yenye mistari ya msonobari. Tulisugua kwa sabuni. Tukasugua kwa magadi, kwa mchanga, mpaka ngozi ikachubuka. Ngozi mpya ilipoota, ilikuja nayo. Hata leo, kanisani, dada yangu havui glavu.