Sahani ya Chausiku

Kwa Kadidja, pale Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, watu walikula sinia moja. Ugali katikati, mukeke wa kukaanga juu yake, na mikono ya watoto ikigombania samaki. Binti yake Chausiku peke yake alikula mlangoni, kwa sahani yake. Alikuwa na kifafa, na watu walisema povu la kifafa linaambukiza. Jamani, mtu anaweza kushiba tumbo akabaki na njaa ya watu! Chausiku alitamani hata mdogo wake Mariyamu amnyang'anye samaki kama zamani.

Kadidja alikuwa na woga mwingine. Kifafa kilimshika mwanawe akiwa ametulia, au alfajiri akiamka. Mama akaamua kwamba kichwa kikipumzika kinabaki tupu, kama nyumba isiyo na mtu. Na ilikuwa wakati wa vita. Nani angeacha nyumba tupu? Kwa hiyo hakumpa nafasi ya kupumzika. "Chausiku, twanga chikichi! Chausiku, usisinzie!"

Asubuhi moja, mchi mkononi, Chausiku akaanguka. Watu wakarudi nyuma. Aliyekuja mbio ni jirani yao Pascasie, muuguzi wa kituo cha afya. Alisogeza mchi, akamlaza Chausiku ubavu, hakumtia kitu mdomoni. Kisha akamfuta povu kwa mkono wake.

"Madamu, itakushika!" Kadidja akapiga kelele.

"Haishiki, mama. Hii ni mate tu. Huyu mutoto analala vizuri?"

"Simwachi. Kichwa ikipumzika, kifafa inaingia."

"Lo! Kumbe wewe ndiyo unaiita. Niambie, mwezi ukijaa wavuvi wa taa hawaendi ziwani. Ufukwe umelala?"

"Ulale wapi! Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi."

"Basi na ubongo ni hivyo. Hata umekaa kimya, unapiga umeme mdogo mdogo, kwa mapigo yake. Hauko tupu hata siku moja. Kifafa si mgeni. Ni umeme ule ule umekosa mapigo, kama wapiga kasia wote wakivutia upande mmoja: mtumbwi unapinduka. Na kukosa usingizi kunaupindua haraka."

Chausiku alikuwa amezinduka. "Huo umeme unaonekana?" aliuliza polepole.

"Iko mashine ya kuusikiliza, kwa nyuzi kichwani. Na nchi za mbali iko nyingine, inapiga picha ya damu ndani ya ubongo. Mitumbwi ikifika, wamama wenye mabeseni wanafanya nini?"

"Wanakimbilia pale."

"Ndiyo. Umeme ni mitumbwi, damu ni wamama. Penye kazi damu inafuata, nyuma kidogo, hata mtu akipumzika. Wataalamu wanaona wamama, wanatafuta kujua mitumbwi imefika wapi. Bado wanajifunza."

"Na mimi nitapigwa hiyo picha?"

"Hapana, mwanangu. Kufika Bujumbura tu, siku hizi unaomba Mungu njia nzima. Lakini dawa iko hapa. Unameza kila siku, huiachi hata ukijisikia muzima. Na unalala."

"Murakoze, madamu," alishukuru Kadidja, macho chini.

Chausiku akalala. Mama yake alikaa pembeni akimwangalia, roho juu, lakini hakumwamsha. Miezi ikapita. Dawa hakuruka, na kuanguka kukawa nadra. Sahani tu ndiyo ilibaki mlangoni. Mazoea yana taabu.

Jioni moja Chausiku alisema, "Mama, dawa nimeizoea. Sahani hii sijaizoea."

Kadidja aliinuka, akaichukua sahani, akamimina chakula chote kwenye sinia. "Sogeeni, dada yenu akae." Watoto wakatazamana. Basi Kadidja akachukua kipande cha mukeke alichokiuma Chausiku, akakila mbele yao, hadi mwiba.

Mariyamu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akakwapua kipande kikubwa mbele ya Chausiku.

"Rudisha samaki yangu, mwizi wewe!" Chausiku alipiga kelele, akicheka huku machozi yanamtoka.