Nane Yangu Ilikuwa Tatu

Nilikuwa nafumua namba kwenye shuka langu kwa wembe, uzi mmoja mmoja, pale nane ilipogeuka kuwa tatu…

Upande wa kushoto ulichomoka wote. Uzi mpya. Upande wa kulia ukabaki, uzi wa zamani uliopauka.

Tatu ilikuwa namba ya Pacha.

Ndugu zangu, wembe uliniponyoka!

Ngoja niwaeleze taratibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kwenye kituo cha kulea watoto waliotolewa kwenye nyumba za mateso. Wasichana ishirini, kila mmoja na namba iliyoshonwa kwenye mashuka yake. Pacha hakuwa ndugu yangu wa damu. Tuliitana hivyo kwa sababu tuliletwa siku moja, gari moja, tumeshikana mikono.

Kwa miezi minne, mlezi mkuu, ambaye lazima umwite Mama, alikuwa akiinua shuka lililolowa mbele ya wote.

"Namba nane! Bwawa limefurika tena!"

Kisha nazungushwa uani, shuka kichwani, wenzangu wakipiga makofi. Bwa-wa! Bwa-wa!

Shida ni kwamba niliamka mkavu. Kila siku. Naenda zamu ya kuchota maji, Pacha ananitandikia kitanda, nikirudi nakuta shuka linanuka.

"Nguo zinakukaukia mwilini, mwanangu," Mama alisema. "Akili yako ndiyo haihisi."

Nikaamini.

Nikaacha kunywa maji kuanzia adhuhuri. Midomo ikapasuka hadi damu. Shuka bado likalowa! Nikaanzishiwa vidonge vya kutuliza. Pacha ndiye aliyenipaka mafuta midomoni.

"Pole, pacha wangu. Umechoka tu."

Siku ile ya wembe Mama alinipa mashuka nifumue namba yashonwe upya, langu likiwamo, kwa sababu kesho yake gari la wadi ya wagonjwa wa akili lilikuwa linakuja kunichukua.

Sasa Pacha yuko mbele yangu, chumba cha kufulia, anakunja mashuka. Nikamwonyesha.

"Pacha, hii nini?"

Aliangalia. Hakukana.

"Umefumua…"

"Mimi ni kikojozi?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ni mimi. Shuka langu ndilo nililokuwa naliweka kitandani kwako."

"Na midomo yangu ulikuwa unaipaka mafuta!"

"Ilikuwa inaniuma kuiona."

Nilitaka kumpiga. Nikauliza kwanza.

"Uzi ulitoa wapi? Uzi unafungiwa kabatini, ufunguo uko shingoni kwa Mama."

Akaendelea kukunja shuka.

"Pacha!"

"Mama ndiye aliyenipa."

Nikarudi kuutazama ule uzi mpya.

"Ulipomwambia yule afisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kukagua kwamba tunachapwa kwa mpira wa maji," alinong'ona, "Mama aliniita. Akaniambia, chagua. Nikutembeze uani wewe, au unisaidie na mwenzako. Mtu akishaitwa kichaa, nani atamsikiliza?"

"Ukachagua."

"Nikachagua."

Mlango ukafunguliwa. Mama, na tabasamu lake.

"Mnanong'ona nini, wanangu?"

Nilimtazama Pacha. Neno moja tu kutoka kwake, na nisingeondoka.

"Mama…" alisema, macho chini. "Bwawa anasikia sauti. Anasema mashuka yanamsema."

Sikupiga kelele. Kelele ndizo zilizokuwa zinasubiriwa.

Daktari wa wadi alijua wiki ya pili kwamba sina ugonjwa. Nilikaa miezi tisa. Fomu ya kutoka ilihitaji saini ya mlezi, na mlezi wangu kwenye karatasi alikuwa Mama.

Leo nimekuwa mtu mzima, na bado simhukumu Pacha. Alikuwa na miaka kumi na tano na aliogopa. Ila nawaomba ninyi mnaosoma: mkiambiwa mtoto fulani ana kichaa, ulizeni kwanza alisema nini kabla hajaanza kuitwa hivyo.

Siku ile Mama aliokota wembe sakafuni, akahesabu mashuka. Yalikuwa yamebaki kumi na moja ya kufumuliwa. Akamkabidhi Pacha ule wembe.

"Basi kwa leo. Haya utayamalizia kesho. Anza na hilo la nane, kuna mtoto mpya anakuja."