Kinanda cha Wekoye

Kang'ethe alikuwa amekemea pepo kwa dakika kumi nzima, mkono juu ya kinanda kisicholia, jasho likimtiririka, wanakwaya wanane kutoka Kiminini wameinamisha vichwa wakiitikia amina, ndipo Mary Ann, kiongozi wao, akafungua jicho moja.

"Fundi, huu waya si umeuingiza tundu lisilo lake?"

Kweli. Ulikuwa kwenye tundu la kupokea badala ya la kutuma. Mtu aliyepiga muziki kwenye hoteli za Doha na Muscat miaka kumi na moja, na asiyemruhusu mgeni yeyote kutoka studio yake ya Matisi bila kuisikia habari hiyo, alikuwa akimfukuza shetani kwenye kosa la mkono wake mwenyewe.

"Ati Muscat!" akasema mmoja, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Kang'ethe akacheka kuwapita wote. Mungu alimjalia tumbo la kucheka na roho ya kuchekwa.

Akahamisha waya, akaiambia programu irekodi. "Sasa oneni, kina mama. Huu mwembamba ni waya wa midi. Haubebi sauti hata kidogo, unabeba amri tu: kidole gani, wakati gani, kwa nguvu ngapi. Sauti yenyewe inapita kwa ule mnene." Akapiga. Vijistari vya kijani vikajiandika kwenye kompyuta, kimoja kwa kila kidole. Akainua mikono kujikuna shingo. Vijistari vikaendelea.

"Na hizo ni amri za nani?" akauliza Mary Ann.

"Nimefunga duara tu. Kinanda kinatuma, kompyuta inarudisha, kinatuma tena." Akaifunga njia ya kurudi. Kijistari kimoja kikajiandika polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Kwaya ilikuwa bado inacheka Muscat. Kang'ethe alikiona.

Kinanda hicho alikinunua Bungoma, nyumbani kwa marehemu Wekoye, mpiga kinanda wa kanisa aliyekufa bila kuacha mtoto.

Kang'ethe yeye alikuwa na mtoto, binti wa kwanza, wiki tano, na hana jina. Kwa watu wa Kang'ethe halikuwa jambo la mjadala: binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hivyo Waithera. Kwa watu wa mkewe Nasike, wa Bungoma, jina hutoka kwa marehemu anayetaka jina lake libebwe. "Marehemu wenu wapange foleni," Kang'ethe alizoea kutania. "Mamangu ameshika namba moja."

Kesho yake mchana, mvua ikipiga mabati, Nasike aliingia studio na chai, mtoto mgongoni. Kang'ethe alikuwa amesimama ameshika waya wa midi mkononi, ameung'oa pande zote mbili. Kwenye kompyuta, amri zilikuwa zinaingia.

"Zima, bana," Nasike akanong'ona.

"Inakataa."

"Na mbona kunanuka hivi?"

Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na dawa ya nondo, ile ya suti inayovaliwa mara moja tu. Ndipo mtoto akafungua mdomo alie, uso ukamwiva, ulimi ukatetemeka, kifua kikapanda na kushuka, lakini mdomoni hapakutoka hata mluzi, na kilio chake, kilekile walichokizoea, chenye kikohozi kidogo mwishoni, kikatoka kwenye spika nyuma yao, kikipanda nota kwa nota kufuata vile vijistari, kana kwamba kuna vidole vinavyomfinya mahali wasipopaona ili alie kwa ustadi zaidi, huku kompyuta ikikirekodi chote, ikichora milima yake kwa utulivu, na kila mlima ulivyorefuka ndivyo mtoto alivyozidi kujikunja.

"Nani anamfinya?" Nasike akauliza.

Senge Peris, shangazi yake Nasike, alifika kutoka Bungoma siku iliyofuata kabla ya saa sita. Hakusalimia mtu.

"Hiyo kelele imeanza lini?"

"Tangu jana, senge. Akilia, analilia huko ndani. Hapa hana kitu," Nasike akajibu, akigusa mdomo wa mtoto.

Peris akaketi mbele ya kinanda, mtoto mapajani, akaanza kuita majina ya wafu wa ukoo, kama inavyofanywa kwa mtoto asiyenyamaza: jina likipita na kilio kisikome, unaita lingine.

"Khaoya? ... Mutenyo? ... Nelima? ... Wekoye?"

Spika ikanyamaza papo hapo, kama mdomo uliozibwa.

"Huyo ni wetu," Peris akasema kwa sauti ya chini. "Amekufa na hakuna wa kumbeba. Sauti ya mtoto hakuiba, ameazima, yeye hana mdomo. Huyu aitwe Nekoye, ndiyo Wekoye ya kike, na sauti itarudi kwa njia ileile iliyoingilia, humo ndani ya mashine."

"Na mamangu yuko hai, senge! Nimwambie nini? Kwamba mjukuu nimempa mpiga kinanda?"

"Mwambie amepona."

Wanawake wakamtoa mtoto nje kumwogesha. Kang'ethe akabaki na kompyuta. Alikuwa amekaa nchi ambako watu wazima huogopa majini ya bafuni, na hajawahi kukuta hitilafu isiyo na mzizi kwenye waya au kwenye faili. Kazi ikiharibika, unaifuta. Akazichagua amri zote, kisha ile milima ya sauti. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Akamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Spika ikatoa pumzi moja ndefu, kama ya mtu aliyevuliwa blanketi, na ile harufu ikakatika.

Akatoka mbio. "Nimemmaliza! Hata jina halihitajiki. Nimefuta zote!"

Juu ya beseni, mtoto akafungua mdomo. Wakangoja. Wakageuka kuelekea studio, wakangoja na huko. Machozi yalimtoka mtoto, mishipa ya shingo ikamsimama, akalia na kulia bila sauti popote duniani. Nasike akatega sikio mdomoni pake.

"Ni upepo tu," akasema. "Kang'ethe, kunatoka upepo tu."

Kang'ethe akapiga magoti kwenye matope. "Nekoye! Senge, aitwe Nekoye, nimekubali. Mama nitamwambia mimi mwenyewe. Mwambie Wekoye arudishe sauti ya mtoto wangu."

Peris alikuwa akikunja taulo.

"Arudishe nini, mkwe? Si umefuta."