Ubeti Uliokatwa

Mtoto hakuamka kunyonya. Asubuhi mama yake, mwimbaji ambaye wimbo wake ulikuwa ukipigwa na kila redio, alishukuru. Kufika mchana maziwa yalishamlowesha blauzi, mtoto bado kalala, redio pembeni ikiupiga wimbo uleule, na chumba kinanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Akampigia simu bibi yake, aliyemfundisha wimbo huo, wa kubembelezea watoto.

"Bibi, mtoto haamki."

"Nimeusikia wimbo. Ubeti wa mwisho uko wapi?"

"Shemeji, aliyeurekodi, kaukata studio. Eti unatisha, watu wanataka kukumbuka utoto wao huku wakicheza."

"Wacheze!" Bibi akashusha sauti. "Kwani ulidhani tunambembeleza mtoto? Jini hufuata harufu ya mtoto mchanga. Beti mbili za kwanza zinamlegeza yeye, wa mwisho unamtoa. Nyie mmemlaza jini mkamwacha humo humo. Zima redio, imba wimbo wote. Usiruke neno."

Watu wazima na mitambo yao, wakaukata mlango wa kutokea kwa sababu hauchezeki!

Alizima redio. Alipogeuka, godoro upande wa pili wa mtoto lilikuwa limebonyea, kama mtu mzito kajilaza, na shuka pale likipanda na kushuka taratibu, taratibu kuliko pumzi ya mtoto, kisha pumzi ya mtoto ikaanza kupungua mwendo, ikiifuata ile nyingine, mpaka zikawa moja, naye mama akapiga magoti, akaimba beti mbili bila kupepesa jicho, akaingia wa tatu:

*Umeshalala, mgeni, inuka,*
*huyu ana mama, mama ni mimi.*

Godoro likainuka. Mtoto akapiga yowe. Yowe tamu hilo! Akamnyonyesha huku analia, mkono mwingine ukimtafuta shemeji kwenye simu.

"Shemeji, utoe huo wimbo hewani. Sasa hivi."

"Una wazimu? Watu wanawalaza watoto kwa wimbo huo! Hata wangu nimemwekea unajirudia tangu jana. Katulia, hasumbui mtu."

"Mwamshe."

"Aa, shem, mwache apumz..."

"Nimesema mwamshe!"

Akasikia ndara zikiburuta sakafuni, mlango ukifunguliwa. Shemeji alimwita mwanawe kwa utani. Akamwita tena, bila utani. Nyuma yake ubeti wa pili ukaisha, wa kwanza ukaanza upya.